Sanduku la Mwalimu: Waziri wa miezi tisa na uzio wa mizabibu

SWALI: Shikamoo Mwalimu, na mbukwa. Mimi ni mkulima wa hapa Mpunguzi, nina ekari moja na nusu ya mizabibu. Mwaka jana mwezi wa nane, wiki moja kabla ya kuvuna, ng'ombe waliingia shambani usiku wakala vichala na machipukizi. Mwenye ng'ombe aliniambia kwa upole kabisa kwamba mtama umeshavunwa, mashamba yako wazi, na ndivyo ilivyokuwa tangu babu zetu. Nimepanda minyaa pembeni lakini bado haijashikana. Kijana wangu aliyeko chuo kikuu ananiambia kulikuwa na Mhispania wa zamani, Jovellanos, aliyeiandikia serikali ya mfalme kwamba kila mkulima aachwe azungushe uzio. Alikuwa nani? Alikuwa waziri wa kilimo? Na sheria yake ilipita?
Mkulima wa zabibu, Mpunguzi

JIBU: Marahaba ndugu yangu, mbukwa. Pole sana. Mtama ukiliwa unapanda tena Desemba. Mzabibu ukiliwa machipukizi, unauguza jeraha hilo hadi msimu unaofuata.

Jovellanos hakuwa waziri wa kilimo. Alikuwa hakimu aliyepewa kazi ya kuandika ripoti kuhusu kilimo. Sheria ya uzio ilipita, tarehe 8 Juni 1813, naye wakati huo alikuwa kaburini mwaka mmoja na nusu. Mwaka uliofuata mfalme akaifuta. Nimekupa jibu lako kwa ufupi. Lakini kijana wako amekutajia mtu ninayempenda, kwa hiyo nivumilie.

Gaspar Melchor de Jovellanos alizaliwa tarehe 5 Januari 1744 Gijón, mji wa bandari katika jimbo la Asturias, kaskazini mwa Hispania. Siku hiyo ni mkesha wa sikukuu ya Mamajusi, ndiyo maana wakati wa ubatizo alipewa majina yao yote matatu: Baltasar, Melchor na Gaspar. Ukoo ulikuwa wa heshima, mfuko mwepesi. Kijana wa nyumba ya namna hiyo ambaye si mrithi alielekezwa kanisani, naye alisoma Oviedo, Ávila na Alcalá akiandaliwa kuwa padri, kabla ndugu na marafiki hawajamshawishi ageukie sheria. Mwaka 1767, akiwa na miaka 23, aliteuliwa kuwa hakimu wa kesi za jinai huko Sevilla. Siku hizo hakimu wa Hispania alivaa wigi kubwa la nywele bandia ili aogopwe. Aranda, aliyekuwa mkuu wa Baraza la Castilla, chombo kikuu cha serikali ya mfalme, alimshauri aliache, na Jovellanos akaenda kukalia kiti cha hukumu kwa nywele zake mwenyewe.

Sevilla ndiko alikojifunza habari za ardhi. Kwao Asturias mashamba ni madogo, kila familia na kipande chake. Kusini, Andalucía, alikuta ardhi isiyo na mwisho mikononi mwa watu wachache, na mamia ya vibarua wanaokusanyika alfajiri uwanjani kungoja kuchaguliwa. Huko pia alikuwa akienda jioni nyumbani kwa Pablo de Olavide, mtawala wa mji, ambaye tangu 1767 alikuwa akisimamia vijiji vipya vya Sierra Morena: wakulima walioletwa kutoka nje, wengi wao Wajerumani, wakapewa kila familia kipande chake cha ardhi. Mwaka 1776 Olavide alikamatwa na Inkwizisheni, ile mahakama ya Kanisa iliyowasaka waliodhaniwa kuwa wazushi, na mwaka 1778 akahukumiwa. Mwaka huohuo Jovellanos alihamishiwa Madrid. Aliondoka Sevilla akijua kinachoweza kumpata mtu anayegusa ardhi na mawazo ya watu kwa wakati mmoja.

Madrid alipanda vyeo na kuingia katika vyuo vya kifalme vya historia na sanaa, lakini kilichobeba jina lake hadi kwetu ni chama kilichoitwa Sociedad Económica Matritense, chama cha raia waliotaka kufufua kilimo, ufundi na biashara. Serikali ilikuwa na jalada nene la malalamiko ya wakulima lililokuwa likizunguka ofisini tangu miaka ya 1760. Kila mkoa uliongeza karatasi zake, na hakuna aliyethubutu kulihitimisha. Chama kikamkabidhi Jovellanos. Ripoti yake kuhusu sheria ya kilimo ilichapishwa mwaka 1795.

Sasa nikueleze habari ya ng'ombe, au kwa Hispania, habari ya kondoo. Tangu 1273 wafugaji wa kondoo wa Castilla walikuwa na chama chao kilichoitwa Mesta, kilichoundwa kwa hati ya Mfalme Alfonso wa Kumi. Kondoo wao wa merino walikuwa na sufu iliyotafutwa Ulaya nzima, na mfalme alipata kodi yake humo. Kiangazi waliwapandisha milima ya kaskazini, baridi ikianza waliwateremsha malisho ya Extremadura, kwa njia za kifalme zenye upana wa vara 90, karibu mita 75. Hebu pima kwa macho: ni pana kuliko barabara yoyote inayoingia mjini Dodoma. Nguvu ya Mesta haikuishia njiani. Ardhi iliyowahi kuwa malisho yao ilikuwa kosa kuilima. Nayo mashamba ya ngano, mavuno yakishatoka, yalihesabiwa kuwa wazi kwa mifugo ya kila mtu, hata kama mwenye shamba alitaka kupanda kitu kingine.

Jovellanos aliandika kwamba mkulima wa Hispania amezungukwa na vizuizi vya aina tatu. Vya kwanza vimewekwa na sheria. Vya pili vimo vichwani mwa watu, yaani ujinga na kukosa elimu. Vya tatu vimewekwa na maumbile: ukame, mito isiyovukika, milima isiyo na njia. Katika kizuizi cha sheria ndipo alipoishika Mesta, na ndipo alipotetea uzio. Alisema shamba lisilofungwa ni mali nusu tu, na mtu hawezi kupanda miti, wala kuvuna mara mbili, wala kulala usingizi, kama kuna mwezi ambao shamba lake si lake.

Jambo hili litakufurahisha: amri ya kifalme ya mwaka 1788 ilikuwa imeshawaruhusu wenye mashamba kuzungushia mizeituni, bustani za miti ya matunda, na mizabibu iliyopandwa pamoja na miti. Hata serikali iliyokuwa ikiilinda Mesta ilielewa kwamba mmea unaokaa ardhini miaka hauwezi kufuata kalenda ya ngano. Jovellanos alitaka ruhusa hiyo iwe ya kila shamba.

Aligusa na wakubwa. Kanisa na nyumba za watawa walikuwa na ardhi ambayo ikishaingia mikononi mwao haikuuzwa tena. Makabaila walikuwa na urithi wa kwenda kwa mzaliwa wa kwanza, usiogawanyika wala kuuzwa milele. Ardhi iliyobaki sokoni ikawa haba na ghali, mwenye pesa na jembe akakosa pa kununua. Hayo yaliwafanya watu wa Inkwizisheni waipekue ripoti hiyo wakitafuta uzushi ndani yake.

Ushauri wake mkuu kwa serikali ulikuwa huu: usijaribu kumlimia mkulima, mwondolee vizuizi. Nilipokuwa nafundisha Mpwapwa, kila mwaka niliwachukua wanafunzi wa kidato cha tatu kwenda Kongwa, pale ambapo Waingereza walianza mradi wao wa karanga mwaka 1947. Walileta matrekta, wakang'oa vichaka, wakatumia mamilioni ya pauni, na mwaka 1951 wakaufunga. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji, na mvua za huku kila mzee wa Kigogo angewaeleza zilivyo. Mradi ulipangwa London. Nilikuwa nawasomesha somo la Jovellanos palepale, tumesimama juani, bila kutaja jina lake kwa sababu halikuwamo kwenye muhtasari: serikali iliruka hatua ya kuuliza.

Hata hivyo, ndugu yangu, yapo mambo ambayo mimi na yeye hatukubaliani, na naona ni haki uyajue kabla hujaenda na jina lake barazani.

Mimi nimezaliwa Mvumi, nyumba ya ng'ombe. Mwezi wa saba, uwele ukishaingia ghalani, kaka zangu waliwapeleka ng'ombe kwenye mabua, ya kwetu na ya jirani, na ng'ombe wa jirani walikuja kwetu. Walikula, wakaacha samadi, na samadi ile ndiyo iliyotulisha mwaka uliofuata. Hakuna aliyenunua mbolea. Mashamba kuwa wazi baada ya mavuno ulikuwa mkopo wa kupokezana, nikupe mabua, nipe samadi, na ndiyo uliowavusha watu miaka ya njaa. Jovellanos alipoitazama Mesta aliona makundi makubwa ya makabaila na ya watawa, kama wale wa El Escorial na Guadalupe, yakimkanyaga mkulima mdogo. Hasira yake ilikuwa ya haki. Lakini mfugaji wa Bahi mwenye ng'ombe 12 si Mesta. Ukichukua maneno yaliyoandikwa dhidi ya wenye nguvu ukayaelekeza kwa jirani yako asiye na nguvu, umeyageuza.

Tena, Jovellanos aliamini kwamba ardhi ya pamoja ya vijiji ikigawanywa na kuingia mikononi mwa watu binafsi, maskini naye atapata kipande. Haikuwa hivyo. Mesta ilivunjwa mwaka 1836, na mwaka huohuo waziri Mendizábal alianza kuuza ardhi ya watawa kwa mnada. Mwaka 1855 zikafuata za vijiji. Walionunua walikuwa wenye fedha taslimu, na vibarua wa Andalucía, walewale aliowaona Jovellanos akiwa hakimu kijana, waliendelea kusimama uwanjani alfajiri.

Kwa hiyo yaendee mambo hivi. Desturi ya mabua ni ya mtama na uwele. Haijawahi kuwa ya mizabibu, kwa sababu babu zetu wa Kigogo hawakuwa na mizabibu. Mwambie hivyo mwenye ng'ombe, mbele ya wazee, kabla ya kutaja fidia. Omba serikali ya kijiji ioneshe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi eneo la mizabibu na njia ya mifugo, maana ng'ombe wasipopewa njia watatengeneza yao. Minyaa yako imwagilie kiangazi hiki na uzibe mapengo kwa miiba mpaka ishikane.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma historia mwaka wa pili, Chuo Kikuu cha Dodoma. Tumejadili sana bwenini. Jovellanos alikuwa mwanamageuzi na adui wa Inkwizisheni. Napoleon ndiye aliyeifuta Inkwizisheni Hispania, Desemba 1808. Kwa nini basi Jovellanos alikataa cheo alichopewa na Joseph Bonaparte, akaungana na waliopigania ukoo uleule wa kifalme uliomfunga gerezani? Mimi nasema aliyasaliti mageuzi. Wenzangu wamenigomea.
Mwanafunzi, UDOM

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali zuri, ingawa nitasimama na wenzako.

Anza na tarehe. Joseph, kaka yake Napoleon aliyewekwa naye kuwa mfalme wa Hispania, alimwita kuwa waziri wa mambo ya ndani katika kiangazi cha 1808. Amri ya kufuta Inkwizisheni ilitoka Desemba. Jovellanos hakuchagua kati ya Inkwizisheni na uhuru. Alichagua akiwa mgonjwa, ana miaka 64, miezi michache baada ya kutoka kifungoni, huku Madrid ikiwa bado na kumbukumbu mbichi ya tarehe 2 Mei, wananchi walipowainukia askari wa Ufaransa na kesho yake wakapigwa risasi.

Sasa utazame maisha yake kabla ya hapo, maana hukumu yako imeanzia mwishoni. Mwaka 1790 rafiki yake Cabarrús, mwanzilishi wa benki ya San Carlos, alikamatwa. Jovellanos alikuwa mbali na Madrid. Alirudi mbio kumtetea. Wakubwa waliokuwa marafiki wa wote wawili walimfungia milango, na mmojawao, Campomanes, aliyekuwa mwanamageuzi mkuu kuliko wote, alikataa kabisa kujiingiza. Serikali ikampa Jovellanos amri ya kwenda Asturias kuchunguza makaa ya mawe. Ilikuwa kufukuzwa kwa adabu.

Alifanya nini huko? Alichunguza makaa ya mawe kwelikweli. Alizunguka migodi, akaandika kila siku katika shajara zake bei za vitu, hali ya madaraja, walichopanda watu, akashupalia barabara ya kuiunganisha Asturias na Castilla kupitia milimani. Na tarehe 7 Januari 1794 alifungua Gijón chuo cha ubaharia na madini, ambako vijana wa kawaida walisoma hisabati, uongozaji wa meli baharini na lugha za kigeni badala ya Kilatini kitupu. Maneno ya chuo yalikuwa ya Kilatini hata hivyo, na maana yake ni kuuliza lipi la kweli na lipi lenye manufaa. Mimi nimefundisha miaka 34, na nikiulizwa ni kitu gani alichofanya Jovellanos ambacho ningejivunia kama ni changu, nitataja chuo hicho kabla ya ripoti.

Novemba 1797 Godoy, mtu aliyeiendesha serikali ya Carlos wa Nne, alimwita awe waziri wa sheria na mambo ya Kanisa. Aliondolewa Agosti 1798. Ni miezi tisa. Katika miezi hiyo alimwandikia mfalme waraka kuhusu Inkwizisheni, akitaka mamlaka yake yarudishwe kwa maaskofu, na akaanza kugusa vyuo vikuu. Mwaka huo wa 1798 mchoraji Goya alimchora. Picha iko jumba la Prado, Madrid, na nakala yake mtaipata kirahisi mtandaoni. Itazameni pamoja bwenini. Waziri amekaa mezani penye karatasi, kiwiko juu ya meza, kichwa kimeegemea mkono, na nyuma yake imesimama sanamu ya Minerva, mungu wa hekima wa Warumi. Hatazami kama mtu aliyefika. Anatazama kama mtu aliyesoma barua mbaya na bado hajaamua ajibu nini.

Alirudi Gijón kwenye chuo chake. Alfajiri ya tarehe 13 Machi 1801 askari walimtoa kitandani, nyaraka zake zikafungwa kwa lakiri, na akasafirishwa hadi kisiwa cha Mallorca. Kwanza walimweka kwa watawa wa Valldemossa, ambako alisoma habari za mimea na yule mtawa mwenye duka la dawa, na akaandika juu ya elimu ya umma. Mara mbili alimwandikia mfalme kuomba ashtakiwe. Soma tena sentensi hiyo, mwanangu. Hakuomba msamaha, aliomba kesi, hakimu aliyejua kwamba mtu hafungwi bila shtaka. Jibu lilikuwa kumhamishia ngome ya Bellver, mwaka 1802, chini ya ulinzi mkali, kalamu na karatasi zikizuiliwa. Alikaa humo hadi 1808. Jumla ni miaka saba bila kusomewa kosa lolote.

Mtu huyo alikuwa na kila sababu ya kusema: ukoo huu wa Bourbon na uende, nitamtumikia Mfaransa. Na wengi wa marafiki zake walisema hivyo kwa nia njema. Cabarrús, yuleyule ambaye kwa ajili yake Jovellanos alipoteza cheo mwaka 1790, alikubali kuwa waziri wa fedha wa Joseph. Urafiki wao ukafia hapo. Kwangu mimi hapo ndipo penye uchungu kuliko gereza. Aliyekuwa tayari kupoteza kila kitu kwa rafiki yake, alikuwa tayari pia kumpoteza rafiki.

Mwaka 1809 jenerali wa Kifaransa, Sebastiani, alimwandikia kumbembeleza. Jibu lake lilikuwa kwamba yeye hafuati kundi, anafuata haki inayopiganiwa na nchi yake. Wewe unasema mageuzi ni yaleyale, yaletwe na nani. Yeye aliona kwamba sheria nzuri inayoletwa na jeshi la kigeni inawafundisha watu kuichukia sheria yenyewe. Na ndivyo ilivyotokea: mfalme Fernando, wa ukoo uleule wa Bourbon, aliporudi mwaka 1814, akafuta kila kitu na kuirudisha Inkwizisheni, watu wengi walishangilia, kwa sababu neno mageuzi lilikuwa linanuka baruti ya Kifaransa. Inkwizisheni ilikuja kufutwa kabisa mwaka 1834.

Fikiria na la kwetu. Reli ya kati ilijengwa na Wajerumani ikafika Dodoma kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Reli ni kitu kizuri, mimi mwenyewe nimeipanda mara nyingi. Je, mzee wa Kigogo aliyekataa kumtumikia mkuu wa boma alisaliti maendeleo?

Aidha, hakuungana na waliotaka mambo yabaki yalivyo. Aliingia Junta Central, serikali ya wananchi iliyoundwa Septemba 1808 kuongoza vita, akiwakilisha Asturias, na humo alipigania kuitishwa kwa bunge. Hapa nakupa silaha ya kunishinda: alitaka bunge lenye mabaraza mawili, moja la makabaila na maaskofu, kwa mfano wa Uingereza, na aliogopa haraka ya vijana. Ukimwita mwoga wa mapinduzi sitabisha sana. Bunge lilikutana kweli, tarehe 24 Septemba 1810, likatoa katiba ya Cádiz tarehe 19 Machi 1812, katiba ya watu waliokwenda mbali kuliko yeye. Hakuiona. Alirudi Gijón mwaka 1811 akakuta chuo chake kimeharibiwa na askari wa Ufaransa, akaanza kukikarabati. Novemba Wafaransa wakarudi, akakimbia kwa chombo katikati ya dhoruba, na akafa kwa homa ya mapafu katika kijiji cha bandari cha Puerto de Vega, mwezi huohuo.

Katika mjadala wenu ujao acha neno usaliti. Uliza kama alikuwa sahihi kuogopa haraka. Hapo utanipata mimi mwenyewe nikiwa sina uhakika.

SWALI: Mwalimu mama yetu, shikamoo. Tuko Kondoa, kikundi cha akina mama 22 cha kuweka na kukopa, na karibu wote tunalima. Mwezi uliopita ulimtaja huyu Jovellanos kwa mstari mmoja, ukasema aliwatetea wanawake. Aliwatetea vipi? Tunauliza kwa sababu sisi tunabishana: tudai nafasi kwenye baraza la ardhi la kijiji, au tubaki na kamati yetu wenyewe isiyoingiliwa?
Katibu wa kikundi, Kondoa

JIBU: Marahaba wanangu. Mwaka 1786 kile chama cha Madrid nilichokitaja juu kilijadili kama wanawake waruhusiwe kuwa wanachama. Jovellanos alisema waingie, na kwa haki zilezile za wanaume. Cabarrús, rafiki yake, alipinga kwa ukali. Mwandishi mmoja mwanamke, Josefa Amar y Borbón, aliwaandikia akitetea uwezo wa wanawake, na mimi naona maneno yake yalikuwa na nguvu kuliko ya Jovellanos. Kwa maana Jovellanos, pamoja na kutaka waandikishwe, alisema pia kwamba staha ingewazuia wasihudhurie vikao. Aliwafungulia mlango huku akiamini hawatapita. Mstari wangu wa mwezi uliopita ulimsifu kupita alichostahili, na ninyi mmefanya vema kuuliza.

Mfalme aliamua mwaka 1787: wanawake wawe na baraza lao la pembeni. Nao walilifanyia kazi. Walisimamia shule za wasichana za kusokota, na mwaka 1799 walikabidhiwa nyumba ya watoto waliotupwa ya Madrid, mahali ambapo vichanga walikuwa wakifa kwa wingi. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini ripoti ya ardhi iliandikwa katika kile chumba kingine.

Basi kikundi chenu kishikeni, na barazani muingie pia. Tena hamwendi kuomba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Kabla ya mkutano mkuu wa kijiji, ulizeni kwa mtendaji majina ya wajumbe wa sasa. Wahesabuni. Kama wanawake hawafiki watatu, andikeni majina ya wanaokosekana kutoka miongoni mwenu, myapeleke kwa barua, na barua hiyo mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.